Galaksi ya Upande wa Mtoni

Baba Nassor,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, ndani ya giza ulilolipenda. Eda yangu imekwisha na Nassor amekuja kunichukua. Ijumaa tunaondoka kwenda Maskati. Kabla sijaufunga mlango wa nyumba yetu, nimeona nikueleze habari ya ile picha moja uliyoiacha ndani ya kamera.

Kwanza nikwambie ukweli: sikulia. Siku ya maziko sikulia, na hitima ikasomwa sikulia. Wanawake waliokuja kunipa mkono wa pole walisema Mama Nassor ana subira. Si subira. Nilikufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unauona ni wako, ukiufinya haujibu. Nilikula nilipowekewa chakula na nikalala nilipoambiwa nilale. Niliungoja uchungu uje, haukuja.

Kukukumbuka nilikukumbuka, lakini kama anayesikiliza habari za jirani. Nilikumbuka jioni za mwezi kuandama. Watoto wanashangilia Ramadhani mtaa mzima, wewe umenuna barazani, kwa kuwa mwezi ukishaandama usiku wako wa nyota ndio unaharibika. Jirani akikuuliza, "Sheikh, wewe mwenye macho ya mbali, umeandama?" unamjibu, "Umeandama, na mimi nshakwisha." Umeme ukikatika, watu wanalaani, wewe unazipanda ngazi za paa mbili mbili. "Mama Nassor!" Na mimi, "Naam," tasbihi nshaichukua.

Asiyetujua angesema tumerukwa na akili. Mbao mbili zimeungwa kwa bawaba ya kabati, kamera juu, parafujo chini. Nyota zinakwenda, ulinifundisha, na kamera lazima izifuate. Wewe ulizungusha parafujo na mimi nilihesabu kwa tasbihi, maana saa ilitaka taa na taa ilikuharibia macho. Kila nikifika thelathini na tatu nakugusa bega, unazungusha kidogo, naanza tena. Sijui hata leo kama malaika waliziandika dhikri zile kuwa ibada au kuwa kazi ya fundi saa.

Na unakumbuka picha zetu za mwanzo, miaka ile ya themanini? Fundi wa studio ya Darajani alikukabidhi kwa fahari. "Sheikh, picha yako ilijaa vumbi. Nimelitoa lote." Alikaa na kalamu yake ya wino akazifuta nyota zako moja moja, akakurudishia karatasi nyeusi tititi. Nilidhani utagombana naye. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Yale mawingu mawili ya kusini, uliyonambia si mawingu bali ni galaksi, uliyapata. Iliyokushinda ni ile ya kaskazini, inayochungulia kwa chini upande wa Mtoni. Mwaka huu mvua, mwaka ule taa za bandarini, na kila mara mwezi. "Imebaki picha moja kwenye filamu," ulisema mara ya mwisho. "Hii ni yake. Mbaamwezi ikimalizika tunapanda." Ukamalizika wewe kwanza.

Sasa mimi nna safari Ijumaa, na wiki hii mwezi ni mpevu. Juzi baada ya isha nilichukua vitu vyako. Nassor akaniona.

"Mama, wapi unakwenda na kamera?"

"Nnakwenda juu. Nnamalizia kazi ya baba yako."

"Na mwezi wote huu? Hutopata kitu."

"Nshajua," nikamwambia.

Tangu ulipoondoka sikuwa nimepanda paani hata mara moja. Mbaamwezi ilikuwa kali, ungeweza kusoma gazeti. Niliielekeza kamera Mtoni, nikaifungua, nikaanza kuhesabu. Nilipofika thelathini na tatu mkono wangu ukanyooka kutafuta bega. Nikaurudisha. Parafujo sikuigusa tena, na hesabu ikanipotea. Nilisimama pale nikiitazama mbingu, bila huzuni, bila kitu, mpaka miguu iliponiuma, ndipo nikaifunga kamera.

Jana niliipeleka filamu Darajani, na leo nimekwenda kuichukua picha. Fundi ni yule yule, kazeeka. Akaiweka picha juu ya meza.

"Hii imetoka safi, Bi Mkubwa. Ila hukunambia kama ni ya mchana."

Kweli, mbingu ni buluu kama ya saa nne asubuhi. Galaksi haimo. Chini limetokea paa letu, kuta zake na tangi la maji. Nikasema asante, nikanyoosha mkono kuichukua.

"Upepo tu ndio umekuharibia," akasema, akaweka kidole pembeni, nyuma ya tangi. "Hichi kikoi kimetikisika."

Nikatazama. Kikoi chako cha mistari ya kijani, nilichokufulia na kukianika asubuhi ile ya mwisho, kabla hujaanguka. Waliokuja msibani hakuna aliyefika kule nyuma. Na mimi juzi nilisimama karibu nacho muda wote ule, macho yangu yako juu.

Nimelia, Baba Nassor. Nimelia kwa sauti, dukani, mbele ya watu. Fundi masikini akaniletea kiti, "Basi Bi Mkubwa, basi, ntaisafisha nyengine." Alidhani nalilia picha mbaya.

Nimerudi nyumbani nikapanda moja kwa moja, buibui hata sikulivua. Jua na mvua vimekila, rangi imekwenda. Nimekianua. Kilikuwa kimekauka zamani.

Naondoka nacho. Galaksi yako nimeiacha ilipo. Mungu akulaze pema, mume wangu.

Mkeo,
Mama Nassor