Shimo la Nyamitanga

Dada mukubwa Mariette,

Huku kambini Misiera maharage yametoka vizuri, na watoto wanakusalimia. Uliuliza juu ya nyumba tuliyonunua Mbarara, kule Nyamitanga. Tuliihama, tukarudi huku kambini. Udongo ulizama nyuma ya jiko, shimo likameza choo, ukuta ukapasuka. Aliyetuuzia alijua, akanyamaza.

Juzi alikuja mujane Murundi, mama Pulchérie, anatafuta fasi, nyumba ya kununua, tukamupeleka kuona ile yetu ya Nyamitanga. Bwana yangu Appolinaire alininong'oneza, "Umuonyeshe sebule tu."

Nilimushika yule mama mukono, nikamupeleka kwenye shimo. "Asante, mama," alisema, akaenda zake.

Tangu siku ile Appolinaire hanisemeshi, na nyumba ingali yetu. Nimechoka, dada. Mama akiuliza, umuambie tunaishi vizuri mujini.

Mudogo wako,
Viviane