Chewa Wakubwa wa Mlangoni

Chovae,
6 Mfungo Mosi, 1356

Mpendwa ndugu yangu Nasrudin,

Salamu zangu zikufikie huko Kismayu, zikukute u mzima wa mwili na moyo. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Idi tuliila vizuri, ila sahani yako tuliipakua kwa mazoea. Kikohozi chako kimekwisha? Usinijibu "kidogo tu" kama kawaida yako.

Kikoi chekundu ulichomletea Baba amekivaa Idi nzima, na kila aliyekisifu aliambiwa kimetoka kwa mwanawe. Hafswa wangu ameota meno, ananiuma.

Sasa linalonikosesha usingizi. Athmani, aliyerudi juzi kutoka huko kwenu, amenipa maneno yako, kwamba Mtaliani unayemfanyia kazi atakuja na boti ya injini mwezi ukijaa, avue chewa mlangoni kwetu, pale maji yapitapo kati ya miamba, na wewe utamwongoza kwa kuwa unaijua miamba. Ukasema nisihofu, umemwomba achukue wakubwa tu, wadogo awaache wazae. Najua ulidhani umetuokoa. Kumbe hao wakubwa ndio wa kuachwa.

Wewe ulikuwa wa kuvua, ukishusha samaki pwani unakwenda zako kulala. Wa kupasua ni mimi na marehemu Mama. Sijapata kukuta mayai tumboni mwa chewa mkubwa. Mayai wanayo wadogo na wa kadiri. Wakubwa ni madume watupu, na dume mdogo sijamwona kabisa. Mama alikuwa akisema chewa huanza jike, akazaa, na akishakuwa mkubwa hugeuka dume. Nilikuwa nikimcheka, lakini kisu changu kimenionyesha kuwa ni kweli. Mtaliani akizoa wakubwa, mayai ya hao majike yatamwagika bure majini, na baada ya miaka michache tutakula nini hapa kisiwani?

Mlango umekwisha kufungwa. Safari hii mimi ndiye niliyepata mayai mabivu kwanza, nikampelekea Baba, mwangalizi wa mlango, kwenye kisahani kama desturi, akapiga marufuku mishipi mpaka mwezi upungue. Wote wametii, hata mume wangu Famau, nawe unamjua alivyo.

Baba amesikia habari ya boti. Hakugombana na mtu. Ameziba nyufa za dau lake, anasema atatia nanga katikati ya mlango. Nilipomsihi asiende alinijibu, "Hapiti mchu," mtu yeyote yule, akarudi kwenye dau lake. Nasrudin, tangu uondoke macho yake yamekwisha, hututambua kwa sauti. Boti hataiona, na nahodha mgeni hataliona dau dogo jua likimpiga usoni. Naogopa. Nilimwambia Famau afiche makasia, naye anamwogopa Baba kuliko anavyoniogopa mimi.

Nakuogopea na wewe pia. Sijui Wataliani humfanya nini anayekataa. Mweleze habari ya wakubwa, labda atasikia. Asiposikia, hicho kikohozi kikuzidi siku hiyo, ulale. Na ukishindwa kabisa, simama mbele ya boti ulitafute dau la Baba, wala usibanduke.

Baba hajui kuwa mwongozaji ni wewe. Sikuthubutu.

Famau na Shangazi Kulthumu wanakusalimu, nawe nisalimie Mwanasiti na watoto. Mungu akuepushe na lile litakalotutenganisha. Baba anakusalimu sana. Amesema huko mlangoni atakivaa kikoi chako chekundu, upepo wa bahari umkute amependeza. Kitazame.

Dada yako akupendaye na asiyelala,
Mwanalima