Kipande cha Serafina

Gisenyi, Ijumaa, Desemba 1959

Mvua tangu asubuhi. Swala ya Ijumaa imenipita. Nimejifungia ofisini hapa kiwandani, patroni wetu, mwenye kiwanda, amekwenda kula.

Konsolata amepoteza vidole viwili.

Nyumba yao kule Kanzenze ilichomwa katika ghasia za mwezi uliopita, akaja mjini na watoto na nguo za mwilini tu. Hapa kwetu anayechambua kahawa lazima awe na kitabu cha kazi. Kila asubuhi anatundika ubaoni kipande chake cha bati chenye namba, nami karani namwandika. Kitabu cha Konsolata kiliungua. Serafina, mwenzetu, yuko nyumbani amejifungua, basi nikampa Konsolata kipande cha Serafina. Nilijiona mwema kweli! Patroni alijua, akanyamaza. Tena akamhamishia kwenye mashine ya kukoboa, kazi ambayo wenye vitabu wanaikataa kwa sababu mkanda wake hauna kifuniko.

Leo asubuhi mkanda ukamvuta mkono.

Hospitali wameandika Serafina. Patroni ameshusha pumzi: Serafina atarudi na vidole kumi, nani atauliza? Ukutani nyuma yangu kuna karatasi ya serikali: mfanyakazi akiumia kazini atatibiwa na kulipwa fidia, awe mwenyeji au mgeni. Lakini Konsolata hayumo daftarini. Kwa maandishi yangu mimi, hajawahi kufanya kazi hapa.

Saa tano nilikwenda hospitali kumwona. Nilidhani atalia. Akanikazia macho.

"Karani, mi siko Serafina. Hii mukono ni yangu. Andika jina yangu."

"Mama, patroni atakufukuza. Na mi pia."

"We ulinificha juu ya huruma, najua. Bon, sasa nitoe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Naogopa pia, sitadanganya. Nina mke, nina mama mzee pale Mbugangari, na kazi ya kalamu haipatikani ovyo.

Jumatatu anakuja mkaguzi wa kazi. Patroni ameniagiza daftari liwe safi.

Nimelikata jina la Serafina, kila siku aliyofanya kazi Konsolata. Juu yake nimeandika: Konsolata, mkimbizi, ameumia kwenye mashine. Na pembeni: aliyemficha ni mimi, karani.

Wino umekauka. Namsikia patroni anapanda ngazi, na daftari liko wazi mezani.