Kola Niliiona, Marvin Sikumwona

Mzee Ndululu, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa,

Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, nashona sare za masoja, walinzi wa mageti, na mwaka huu kazi imekauka, ndipo mdogo wangu Ndanu anayekaa Ayany akanifungulia LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, akasema mabosi wote wako huko, nikaongeza watu elfu mbili na kila mmoja nikamtumia ujumbe ule ule, "Boss, nashona sare," hata jina lake sikusoma. Sasa Jumatatu bosi mmoja wa kampuni ya ulinzi, Khamala, akaweka picha ya soja wake amesimama getini, na mimi jicho langu huanzia kwa mshono, nikaona kola imechanika, nikaandika mbele ya watu wote, "Hiyo kola inawaaibisha, mimi nitawavalisha," kumbe maandishi ya chini yanasema soja huyo ameuawa na majambazi akiwa kazini, kumbe ni Marvin, jirani yangu wa plot moja, mlango wake unatazamana na wangu, miaka minne nachota maji mfereji mmoja na mkewe Caren. Nilipotoka na ndoo Caren akaniuliza, "Katunge, kola umeiona. Na uso je?" Tangu hapo kwa plot hakuna anayenisalimia hata kwa "sasa". Nimefuta, lakini watu walishayapiga picha maneno yangu. Halafu jana Khamala ameniandikia pembeni: "Ni kweli nguo zetu ni mbovu. Nataka sare arobaini, tuma bei." Mwili unasafirishwa Siaya Ijumaa. Nichukue kazi? Na Caren nimwambie nini?

Katunge

Katunge,

Pole kwa msiba, maana ni wako pia, hata kama umeupata kwa simu. Sasa nikugombeze. Mhubiri wa stage ya matatu mwenye kipaza sauti hupiga kelele kama wewe, lakini yeye angalau hutazama nani amesimama mbele yake. Ungemsalimia Khamala wiki mbili tu, umuulize vijana wake wanalinda wapi, ungejua amefiwa kabla ya kuona uzi.

Leo nenda kwa Caren. Hadithi ya jicho la fundi usimpelekee. Sema, "Nimekukosea, sikumtazama mtu wako," kisha uoshe sufuria za matanga. Akikufukuza, ondoka. Kesho rudi na maji. Tepu ya kupimia iache kwa mashine ya kushona.

Khamala mwandikie hivi: "Niko matangani kwa Marvin. Tuonane Ijumaa tukiaga mwili, bei ni baadaye." Asipokuja, kazi yake iache. Bosi aliyejua nguo ni mbovu na akamwacha mtu azivae mpaka siku ya mwisho, kesho atakuvalisha wewe hizo hizo.

Wale elfu mbili usiwatumie kitu. Anza kuwasoma.

Na jambo moja. Barua yako imetaja kola mara tatu. Kama Marvin ameacha watoto, sijui, hujasema. Wewe unajua? Usinijibu mimi. Vuka uwanja wa plot ukawaulize majina.