Miaka ya Kweli ya Baba Nasur

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukulaze kwenye udongo wa Kashojwa, na cherehani yako bado iko barazani. Mama huifuta vumbi kila asubuhi. Hakuna aliyethubutu kuikalia.

Tunakumbuka utani wako, na mashati ya shule uliyoshona bure. Tunakumbuka baiskeli yako, ulivyowapakia wazee hadi zahanati. Mwaka wa tisini na nne, daktari wa Mbarara alipokuja kuomba kadi za matibabu za waliotimiza sitini, afanye utafiti wa jinsi presha inavyowaua wazee, wengi walikataa. Wewe ukapita nyumba kwa nyumba: "Kadi ikilala kabatini itaponya nani? Toeni!" Wakakubali kwa ajili yako.

Kumbe kadi yako mwenyewe ilisema una hamsini na miwili. Tulipofika kambi hii ya wakimbizi mwaka wa themanini na mbili, ulisikia uvumi kwamba wazee hawapewi shamba, ukajipunguzia miaka kumi na minne.

Binti yako Rehemah, karani wa zahanati, ndiye aliyenakili kadi hizo. Alikuona ukijifunga kitambaa kichwani kwa maumivu. Akakuuliza, "Baba, niandike miaka yako ya kweli, uhesabiwe nao?"

Ukamkaripia: "Wacha! Watanyang'anya mimi shamba."

Lo, Baba! Akakutii, maana hukumlea kukubishia.

Wazee wakaitwa Mbarara kupimwa. Kumi na mmoja walikutwa na presha, wakapewa dawa, na wote wangali hai. Wewe hukuitwa. Ulianguka Alhamisi juu ya cherehani, suruali ya mtu ikiwa imeshonwa mguu mmoja.

Matangani, jirani yetu Mzee Ignatius alilia: "Mimi nilisema sabini siku ile ile ya kuandikishwa. Shamba walinipatia, sawasawa na la Nasur."

Rehemah alimsikia. Tangu hapo hajashika kalamu. Tukimwambia ajali haina kinga, huondoka. Tumeshindwa kumtuliza, Baba, na sisi wenyewe hatujatulia.

Tulimwomba aandike tangazo hili. Alikataa siku tatu.

Unakumbukwa na mkeo Jalia, wanao Rehemah, Sulait na Hajara, wajukuu, na wazee wote uliowapakia. Mola akurehemu. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Mstari wa mwisho ameuandika Rehemah kwa mkono wake:

Baba yangu, Nasur Kasim, alikuwa na miaka sitini na sita.