Gari la Baba Limepata Mwenyewe Mpya

Kaka yangu,

Shikamoo. Naamini wewe, shemeji na watoto mmeamka salama, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimekuachia. Huku tunapumua. Baba anakula vizuri, anatembea, na sauti yake ni ile ile ya kumwita mtu aliye nyumba ya tatu. Mimi miguu imevimba kidogo kwa kusimama, si jambo la kukutia wasiwasi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu huwa unaniambia niende kwenye jambo lenyewe, nami nikiharakishwa nasema tuko salama, tunaagana. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni gari la Baba. Nimeliuza.

Wewe ndiye uliyesema liuzwe, baada ya ile siku aliyoliacha katikati ya makutano ya barabara, injini inaunguruma na mlango wazi, akaenda zake kwa miguu kununua gazeti. Watu walipiga honi mpaka muuza viatu wa pale akalisukuma pembeni na kuja kuniita. Nilimkuta Baba ameketi kibarazani kwa muuza magazeti, amekunja nne, akaniuliza zile kelele ni za nini. Ulisema niliuze hata kwa bei ya chuma chakavu, kwani gari lenyewe lina umri wa kuitwa shangazi. Kadi ya gari Baba alikuwa ameshaiandikisha kwa jina langu wakati akili yake ingali imetulia, kwa hiyo hapo hapakuwa na shida.

Ufunguo niliuficha kwenye ndoo ya unga. Aliutafuta, kaka, we acha tu. Alipekua makabati, akapekua mpaka vitambaa vya wateja wangu, pini zikamchoma, akanigombeza mimi. Halafu asubuhi moja akaacha kuutafuta. Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani moyo wake umekubali. Kumbe alikuwa amesahau kwamba ana gari. Akawa analipita pale uani kama la mgeni, analizunguka kwa adabu asije akalichafua.

Nilimwita dalali wa magari nikitegemea anicheke. Alikuja na sumaku mfukoni, akaipitisha kwenye kila mlango kutafuta mahali palipozibwa kwa puti, na kila mahali sumaku ikang'ang'ania bati. Akalala chini na shati lake safi kuangalia kama injini inavuja. Akainuka, akafungua mlango, akanusa ndani. Akaniuliza kama kweli gari hili limekaa na mtu mmoja tangu liliponunuliwa. Nikamwambia ni mmoja, na ana kichwa kigumu.

Basi akaniketisha, akanifundisha mambo ambayo mimi na wewe hatukuyajua. Alisema magari mapya siku hizi hayashikiki kwa bei, na yale yaliyotumika kidogo yamejaa vifaa vya umeme ambavyo fundi wa mtaani akivifungua hajui kuvirudisha. Kwa hiyo gari la zamani ambalo halijagongwa, rangi yake ni ya kiwandani na injini haijafunguliwa, watu wanaligombania. La umri huo huo lililoteswa ni la kukatwa vipuri tu. Alisema umri wa gari si hoja, hoja ni limeishi na nani. Bei aliyoitaja nilimwomba aitaje tena, nikidhani masikio yangu yamechoka kama mimi.

Nikakumbuka tulivyokuwa tukikung'uta viatu kabla ya kuingia, na ile safari uliyotapika. Baba alisimamisha gari, akaosha kiti kwanza, ndipo akakuosha wewe. Mama hakusema naye mpaka tulipofika. Tulikuwa tukimcheka kwamba analipenda gari kuliko watoto. Sijui alitupenda vipi, lakini gari angalau lilionyesha kwamba limependwa.

Wanunuzi wakaanza kumiminika. Mmoja alitaka kulizungusha mtaa mzima, mwingine alileta fundi ambaye alilisonya toka getini ili bei ishuke, na wote mwishoni wakataka kunipa nusu. Huku cherehani yangu imenyamaza, sare za watoto wa watu zimelala kwenye kapu, na Baba nikimwacha kidogo tu amefungua geti. Kaka, uchovu huu si wa kulala ukaisha. Naamka nao. Kuna siku nilisimama jikoni nimeshika mwiko, nikashindwa kukumbuka nilikuwa napika nini, nikajiuliza kama na mimi ndiyo naanza.

Hapo ndipo akaja mkunga. Alifika moja kwa moja kutoka zamu, na viatu vyake vyeupe na kipochi kwapani. Alisema kila akiitwa kwenda kumzalisha mtu hana usafiri wa kuaminika, na amechoka kubembeleza madereva. Alilikagua gari kwa makini, akaliwasha, akalizima, akaliwasha tena. Kisha akaanza kubembeleza bei, kwa upole, kama mtu yeyote anavyofanya sokoni. Alitaja bei yake. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina nguvu ya kusema hapana. Nilikuwa karibu kumwambia achukue tu aende.

Baba alikuwa kibarazani. Aliposikia injini aliinuka, akaja, akasimama ameinamisha kichwa upande mmoja. Mkunga akadhani ni fundi wangu, akamuuliza, "Mzee, unayajua magari?"

"Nayajua sana," Baba akasema.

Nilijua sasa ataharibu kila kitu, ama atadai gari lake, ama atalia. Hakufanya hivyo. Aliomba boneti ifunguliwe, na kabla hatujafika aliifungua mwenyewe, mkono ukaingia pale kwenye komeo bila kupapasa. Akasikiliza. Akagusa mikanda, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa leso yake, akakichovya tena na kukitazama kwenye mwanga. Akamwambia mkunga kwamba mwenye gari hili ni mtu mbishi, hajawahi kumruhusu fundi wa kubahatisha aliguse, na kwamba angependa siku moja kukutana naye.

Mkunga akamuuliza kama bei inayotajwa ni ya haki. Baba akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu, kaka, kama anavyotazamwa mtu uliyekaa naye jirani kwenye safari ukamsahau jina. Halafu akamshika mkunga kiwiko, akamvuta kando, akanong'ona. Na wewe unajua kunong'ona kwa Baba. Hata jirani anasikia.

"Gari halina neno," akamwambia. "Lakini usimkalie kooni huyu mama kwenye bei. Mtazame macho yake. Haliuzi kwa sababu ni bovu, analiuza kwa sababu amechoka. Mtu aliyechoka hivyo ukimbana atakubali chochote, na wewe utakuwa umemwibia. Mpe anachotaka, aende akapumzike."

Mkunga hakubishana tena. Alinilipa bei yote pale pale mezani, juu ya kitambaa cha sare, tukaandikishana. Wakati wa kuondoka akaniuliza yule mzee ni nani. Nikamwambia ndiye mwenye gari, naye ni baba yangu. Alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani. Akashuka, akamwendea Baba, akamwambia atalitunza. Baba akamjibu asimwambie yeye, amwambie mwenye gari. Kisha akamfungulia geti, akamwongoza kwa mikono kurudi nyuma, kushoto, kushoto, basi, nenda.

Sasa, kaka, nikuambie yale ambayo kwenye simu yasingetoka.

Lilipotoka lile gari, mimi nilitamani yule mkunga angemchukua na Baba. Nilitamani kwa moyo wote. Si wazo lililonipitia tu. Ndani, chini ya kitanda changu, begi lake lilikuwa limeshafungwa: mashati, dawa, miwani ya akiba, na ule mkufu wa marehemu Mama anaopenda kuushika. Nilipanga kwamba gari likishauzwa nitapanda naye basi nimlete kwako bila kukuambia, nimketishe mlangoni pako, nibonyeze kengele, niondoke kabla hujafungua. Nilikuwa nimeshaulizia nauli. Nilikuwa nimeshachagua na nguo atakayovaa. Mwanamke mzima, na hayo ndiyo niliyoyapanga.

Lakini mtu ambaye hanijui, ambaye hajaniita kwa jina tangu mvua zilipoisha, alikuwa amenitazama mara moja akaona kile ambacho wewe hukukiona kwenye simu zote zile. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikwambia tuko salama. Nilirudi ndani, nikalifungua begi, nikarudisha shati moja moja kwenye kabati, nikalia mpaka akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Pesa sikukutumia, na sitakutumia. Nimempa dalali haki yake, na kwa zilizobaki nimemwajiri mama mmoja aliyewahi kufanya kazi wodini. Anakuja kila siku kukaa na Baba, anamwogesha, anatembea naye, anamsikiliza. Nimemlipa kabla ili nisije nikabadili mawazo. Jana nililala mchana, mlango nimefunga, cherehani nimeifunika, na sikuota chochote. Najua ulikuwa na mipango na fungu lako, kwenye lile paa la nyumba yako. Ukinikasirikia nitakuelewa. Lakini nadhani Baba alikuwa akituwekea akiba miaka yote ile kwenye lile gari bila yeye mwenyewe kujua, na nimeitumia kwake.

Ninachokuomba ni uje. Usije kwa hesabu, wala kunisaidia kwa siku mbili halafu ukarudi na lawama. Njoo ukae naye. Huenda asikutambue, na itauma, sikudanganyi. Siku ya kwanza inauma kama umepigwa. Baadaye unaanza kumpenda kama mtu mwingine, mzee mmoja muungwana anayeishi nyumbani kwako.

Nisalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Muuza viatu anakuulizia. Mimi naishia hapa kwa kuwa kalamu inaanza kukwaruza.

Kabla sijafunga bahasha nilimuuliza Baba kama ana salamu. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia namwandikia kaka yangu. Akafikiri kidogo, akasema: "Mwambie yuko mzee hapa anamsalimu. Na mwambie aje upesi, dada yake anahitaji kulala."

Akupendaye,
Mdogo wako, Chiriku