Homa Uliyoificha Ujerumani

Elia mdogo wangu,

Mama ameniuliza tena kwenye simu nani alikuua. Haulizi ulikufa kwa nini, anauliza nani. Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata. Tangu tukuzike Muheza huu ni mwezi wa tano na bado sijamjibu. Nakuandikia wewe kwanza, na naandika wazi ili wenzetu wa hapa Guangzhou nao wasome, maana wengi wana tabia kama yangu.

Unanijua, mimi simwamini mtu. Muuza jinzi wa barabara ya Zhanqian akinionyesha sampuli, namtaka afungue robota la chini kabisa. Dereva akinipeleka mji wa Shiling kutazama mikoba, naisoma namba ya gari lake kwenye simu kwa sauti, hata kama upande wa pili hakuna mtu. Ulikuwa unanicheka. "Dada, wewe hata kivuli chako unakikagua." Nami nakujibu kwamba wasiokagua walisharudi kwao mikono mitupu.

Basi siku tatu kabla hujaondoka ukaja chumbani kwangu na karatasi ya chuo chako cha hapa, ushauri wa afya na usalama kwa wanafunzi wanaokwenda Ujerumani. Ilikuwa kozi ya miezi mitatu. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umetoka nyumbani, wiki mbili umelala kwa Mama kwenye kile chandarua chenye matundu. Ukakaa kitandani ukanitafsiria kifungu kwa kifungu, mimi nakunja fulana. Maji ya bombani yananyweka. Nikasema wanywe wao. Ukizidiwa, piga namba fulani, gari la wagonjwa litakufuata bila malipo. Nikasema cha bure ghali, uliza kwanza linakupeleka wapi. Pasi iache ndani, tembea na nakala. Hilo nikalikubali, kwa sababu hata mimi ndivyo nifanyavyo.

Halafu ukasoma kile cha homa. Ukipata homa, mweleze daktari nchi zote ulizopita miezi ya karibuni. Nikaweka fulana chini.

Wewe hukuwepo hapa mwaka wa Sars, ule ugonjwa wa mapafu. Mimi nilikuwepo. Nilishikwa na mafua ya kawaida, nikapimwa joto mlangoni mwa jengo la nguo, mashine ikalia, nikachukuliwa na watu waliovaa kama warina asali. Siku kumi niliwekwa nyuma ya kioo. Kila nilichouliza nilijibiwa kwa Kichina mei you, hakuna. Simu hakuna, mkalimani hakuna, kutoka hakuna. Niliamini nitafia mle na Mama asijue. Tangu hapo nikajua homa inafichwa: panadoli mbili nusu saa kabla ya kufika mlangoni, na maji ya baridi usoni. Wafanyabiashara tulifundishana hilo kama tunavyofundishana bei.

Na hilo ndilo nililokufundisha. "Ukiumwa usitaje nyumbani. Ukisema Afrika watakufungia. Sema unatoka Guangzhou, hujafika kwenu miaka miwili."

"Lakini Dada, karatasi inasema..."

"Karatasi haijawahi kulala nyuma ya kioo."

Ukacheka, ukaikunja, ukanisaidia kufunga marobota. Nilikuwa na furaha siku ile, nilijiona nimekukinga.

Yule Mkenya uliyekuwa ukiishi naye Ujerumani alikuja Muheza kwenye arobaini yako, akaleta begi lako. Hakupata makaribisho. Mama anawashuku madaktari, anasema Wazungu walikujaribia dawa. Shangazi anamshuku yeye. Alimtazama akinywa chai, akasema bila kushusha sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako," na wanawake wote ukumbini wakaitikia. Kijana wa watu akaweka kikombe chini, kimejaa nusu.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Nilitaka kumchunguza, nikuambie ukweli, nami nilishaanza kumshuku. Akanieleza pole pole. Daktari alikuuliza mara tatu kama umefika Afrika karibuni, na mara zote ulikataa. Akakupa dawa ya mafua. Siku ya nne walipokupima damu, malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Malaria, Elia, ugonjwa ambao Muheza hata jirani anautambua akikutazama macho tu.

"Nilimsihi aseme ukweli," akaniambia. "Akasema ameshauriwa na mtu anayemwamini."

Hakuniuliza ni nani. Nami niliyezoea kudai kila kitu kifunguliwe mpaka chini, nilimshukuru kwa kuleta begi, nikarudi ndani kukaa na waliokuwa wakimsema. Sikumtetea hata kwa neno moja. Naona aibu mpaka leo.

Lakini kuna jambo ambalo hata yeye halijui. Siku ya tatu ulinipigia simu. Kwangu ilikuwa mchana, nabishana na mwenye duka juu ya zipu. Meno yako yalikuwa yanagongana, niliyasikia. Ukasema, "Dada, huyu daktari anaonekana mtu mwema. Ananiuliza tena kama nilikwenda nyumbani. Nimwambie?"

Nikakwambia usithubutu. Nikakata, nikarudi kwenye zipu.

Wenzangu mnaosoma, mkiumwa ugenini tajeni nyumbani kwanza, kabla hata ya majina yenu. Mimi najua mnachoogopa. Semeni hivyo hivyo mkiogopa.

Na hata barua hii naishuku, mdogo wangu. Pengine nimekuandikia wewe kwa sababu huwezi kuninyima msamaha. Mama anaweza. Kontena langu likishafika bandarini Nansha napanda ndege, na safari hii sitasingizia mtandao. Nitalisafisha jina la yule Mkenya mbele ya Shangazi na wote walioitikia. Kisha nitakaa miguuni pa Mama, asubiri au asisubiri nimalize, nimwambie kwamba mwanawe aliomba ruhusa ya kusema ukweli, na mimi ndiye niliyemkatalia.

Pumzika, Elia. Maisha yako yote ulinitii. Laiti ungenikaidi mara moja tu.

Dada yako